Meko ya ukutani: Joto la nyumbani lisigeuke sumu

Jioni moja ya mwezi wa Julai, baridi ilipokuwa imekaza jijini Nairobi, nilitoka nje kumpelekea mzee wetu wa lango kikombe cha chai. Wakati huo tulikuwa tumekodi nyumba kuukuu ya mawe katika mtaa wa Lavington, yenye sebule pana na meko ukutani. Nilimkuta mzee kibandani mwake, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, naye ameinamia karai la makaa. Makaa yale yalikuwa yetu. Kila usiku moto wa sebuleni ulipofifia, msaidizi wetu wa nyumbani alichota kaa lililobaki na kumpelekea mzee aote.

"Mzee, hujambo?" nilimuuliza.

"Sijambo, mama, ila kichwa tu. Kinaniuma kama kinachotaka kupasuka. Nadhani ni malaria."

Haikuwa malaria. Tulimtoa nje akapunga hewa, kisha tukampeleka zahanatini usiku ule ule. Daktari alimpima, halafu akatugeukia sisi na swali ambalo hatukulitarajia: mzee huyu anapata joto kwa kutumia nini? Nilipomweleza habari ya karai, alitikisa kichwa. Alituambia kwamba lau mzee angelala nalo hadi alfajiri, huenda asingeamka.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba moto unaowashwa ndani ya nyumba hauna budi kupewa njia ya kutolea moshi wake na gesi yake. Wasomaji wengi, hasa wanaoishi Karen, Lavington, Kileleshwa na Loresho, huuliza ni meko ya aina gani inayofaa nyumbani, na wengi huanza kwa kuchagua sura: marumaru ya rangi gani, kioo kikubwa au kidogo. Kwa upande wa afya, sura ni jambo la mwisho kabisa. La kwanza ni dohani.

Nairobi si Mombasa

Mgeni kutoka Mombasa au Malindi hushangaa kukuta nyumba yenye mahali pa kuwashia moto sebuleni. Kwao nyumba hujengwa ili ipitishe upepo. Lakini Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyoelekea magharibi kupitia Dagoretti Corner, yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, hadi Karen na Ngong, ardhi inazidi kupanda. Kati ya Juni na Agosti mawingu hutanda kutwa nzima. Usiku kipimajoto hushuka hadi nyuzi 10 au 11, na pengine chini ya hapo.

Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899 na Waingereza wakaanza kujenga makao yao, walijenga kama walivyozoea kwao: kuta za mawe, paa la vigae, na dohani inayochungulia juu ya paa. Ukizuru jumba la makumbusho la Karen Blixen, lililojengwa mwaka wa 1912, utajionea nyumba ya namna hiyo. Nyingi za nyumba za zamani za Kilimani na Kileleshwa zimebomolewa na mahali pake pakasimamishwa maghorofa yasiyo na dohani. Zilizosalia bado zina meko zake, na wanaojenga nyumba mpya Karen au Kitisuru wengi wao huweka meko, ijapokuwa wengine huiweka kwa ajili ya urembo tu.

Moshi una nini ndani yake?

Kuni zinapoungua hutoa mambo mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza ni chembechembe za masizi. Zilizo hatari zaidi ni zile ndogo zisizofikia mikromita 2.5, yaani hata sehemu moja kwa 20 ya unene wa unywele hazifiki. Kwa kuwa ni ndogo mno, pua na koo haziwezi kuzizuia. Huingia hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia katika damu. Huchochea pumu, kichomi kwa watoto wadogo, magonjwa sugu ya mapafu, maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza mwaka wa 2021 kwamba hewa ya saa 24 isizidi wastani wa mikrogramu 15 za chembechembe hizo katika kila mita moja ya ujazo. Meko inayorudisha moshi sebuleni hupita kiwango hicho kwa urahisi mno.

Shirika hilo hilo linakadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Wengi wa waliokufa hawakuwa na meko za fahari. Ni watu waliopikia kuni, makaa au mafuta ya taa. Lakini pafu halijui kama moshi umetoka kwenye mafiga matatu au kwenye meko ya marumaru.

La pili ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Katika damu yetu mna kitu kiitwacho himoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi mwilini kote. Kaboni monoksaidi huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kushinda oksijeni. Kwa hivyo mtu huendelea kupumua kama kawaida, kifua kikipanda na kushuka, na huku ubongo na moyo vinakosa hewa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kaa lisilo na moshi ndilo la kuogopwa zaidi. Watu husema, "Acha moto uive, moshi ukiisha ndipo uuingize ndani." Moshi unaoonekana umekwisha kweli, lakini kaa jekundu linalofuka polepole bila miali ndilo linalotoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hatari ya karai la mzee wetu.

Meko iliyo wazi hula kuni bure

Meko ya zamani, ile isiyo na mlango, hupendeza kwa macho. Ukweli ni kwamba katika kila vipande 10 vya kuni unavyochoma, joto la kipande kimoja au kimoja na nusu ndilo linalobaki chumbani. Lililosalia huenda angani. Isitoshe, moto huo huvuta hewa ya sebule, mamia ya mita za ujazo kwa saa, na kuipandisha kwenye dohani. Mahali pa hewa hiyo huchukuliwa na hewa baridi inayopenya chini ya milango. Ndiyo maana mtu anayekaa mbele ya meko huungua magoti ilhali mgongo wake umeganda, na vyumba vya kulala huwa baridi kuliko hapo awali.

Usiku wa manane moto ukiwa umebaki makaa, dohani nayo imeanza kupoa, mvuto hupungua. Hapo gesi ya makaa huweza kurudi chumbani wakati wenyewe wamelala.

Dawa ya hali hii ni jiko la kupachikwa mekoni. Ni sanduku la chuma lenye mlango wa kioo, linaloingizwa ndani ya meko iliyopo na kuunganishwa na bomba linalopanda ndani ya dohani hadi juu ya paa. Hewa ya kuchochea moto huingia kupitia tundu dogo lenye kilango cha kuongezea na kupunguzia. Jiko zuri la aina hii huhifadhi asilimia 65 hadi 80 ya joto la kuni. Maana yake ni kuni chache, moshi kidogo, na moto uliotengwa na pua za wanao.

Anza na dohani

Kabla ya kutoa hata shilingi moja kununua jiko, mwite mwashi mwenye ujuzi akague dohani yako. Nyumba yetu ya Lavington ilikuwa na dohani nzuri ukiitazama kutoka barabarani. Fundi alipoingiza brashi alishusha kiota cha ndege, debe zima la masizi, na vipande vya saruji vilivyobanduka ndani. Ufa mmoja ulipita hadi kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto wetu mdogo alikuwa akikohoa kila Julai, nasi tukidhani ni baridi.

Dohani hufanya kazi kwa sababu hewa moto ni nyepesi na hupanda. Hapa Nairobi kuna jambo la ziada ambalo muuzaji hakwambii. Kwa ajili ya mwinuko wetu, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 18 ikilinganishwa na ya Mombasa. Hewa nyepesi ina mvuto dhaifu na oksijeni kidogo. Jiko lililoundwa kwa ajili ya nchi iliyo karibu na usawa wa bahari huenda likatoa moshi Karen, si kwa sababu ni bovu, bali kwa sababu dohani ni fupi au nyembamba. Mwulize muuzaji: kiwanda kinataka dohani ya urefu gani katika mwinuko wa mita 1,700 hadi 2,000? Asipojua, akuonyeshe kitabu cha maelezo.

Mafundi wengi hufuata kipimo hiki: dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya mahali inapotokea paani, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho umbali wa mita 3 kutoka kwake. Ikiwa jirani amesimamisha ghorofa au mti umekua na kuipita dohani yako, upepo utausukuma moshi urudi chini.

Dohani za zamani zilijengwa pana kwa ajili ya moto wa wazi. Jiko la kupachikwa hutoa moshi kidogo na usio moto sana, kwa hivyo ndani ya dohani pana moshi hupoa, huzembea na kuganda kuwa utando mweusi kama lami. Utando huo hushika moto. Ndiyo sababu bomba la chuma kisichopata kutu linapaswa kupitishwa kutoka kwenye jiko hadi juu kabisa. Wauzaji wengine husema si lazima, ati jiko lipachikwe tu na moshi utajitafutia njia. Usikubali.

Mambo matano ya kutazama dukani

Kwanza, ukubwa. Watu hudhani jiko kubwa ni bora. La hasha. Nchini Uingereza mafundi hukadiria kilowati 1 kwa kila mita 14 za ujazo wa chumba, lakini hesabu hiyo ni ya nchi ambako nje maji huganda. Sisi twataka kutoka nyuzi 10 hadi 20 tu, yaani kama nusu ya kazi hiyo. Chukua sebule ya mita 5 kwa 6, yenye kimo cha mita 2.7. Ujazo wake ni mita 81. Kwa hesabu ya Uingereza yahitaji karibu kilowati 6, nasi twahitaji kama 3. Hata ukizingatia matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yetu, jiko la kilowati 4 au 5 latosha kabisa. Ukinunua la kilowati 10 utachemka, utafunga hewa ili moto upungue, na moto uliobanwa hufuka, hutoa sumu na kujaza lami katika bomba.

Pili, chuma. Jiko liwe la chuma cha kusubu au la bamba la unene wa milimita 4 hadi 6, nalo liwe limetandikwa ndani matofali ya kuhimili moto. Mabati membamba hupinda na kutoboka. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na wale wa kandokando ya Ngong Road wana mikono ya ajabu, na wengine wanaweza kukuundia jiko kwa bei nafuu kuliko la kutoka ng'ambo. Lakini mpe fundi vipimo, na ukague viungo vyote vilivyochomelewa kwa kuwasha kurunzi ndani ya jiko usiku. Ukiona mwanga nje, moshi nao utapita.

Tatu, kioo. Kiwe kioo maalumu cha kuhimili joto la meko. Kioo cha dirisha, hata kiwe kinene namna gani, kitapasuka.

Nne, mlango. Ukingoni mwake huwa kuna kamba ya kuziba. Bana karatasi mlangoni, kisha uivute. Ikitoka kwa ulaini, kamba imelegea. Ukikuta kamba au bomba la zamani lililotengenezwa kwa asbestosi, usilikwangue wala usilivunje mwenyewe, kwani vumbi lake husababisha saratani. Mtafute mtaalamu aliyeidhinishwa.

Tano, kilango cha hewa. Uweze kukifungua na kukipunguza kwa urahisi, lakini kisiwe cha kuzima hewa yote huku moto ungali unawaka.

Kwa asiyeweza kununua jiko la kupachikwa, kuna njia ya kale. Mwaka wa 1796 mwanasayansi aliyejulikana kama Count Rumford alieleza huko London jinsi ya kurekebisha meko zilizokuwa zikitoa moshi. Alipunguza kina cha meko, akazielekeza kuta za pembeni ziangalie chumba, na akaibana koo ya dohani hadi upana wa inchi 4. Meko ikawa na joto zaidi na moshi ukapungua sebuleni. Mwashi hodari anaweza kufanya kazi hiyo kwa matofali, ingawa meko hiyo bado haiwezi kulingana na jiko lenye mlango.

Kuni zenyewe

Hata jiko la bei ghali litatoa moshi mweusi likilishwa kuni mbichi. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Moto hutumia nguvu zake kuchemsha maji hayo badala ya kukupa joto. Kuni zinazofaa ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Huko Uingereza tangu mwaka wa 2021 sheria inakataza kuuza mafungu madogo ya kuni zenye unyevu unaozidi kiasi hicho.

Zipasue kuni, uzipange mahali penye upepo, uzifunike juu tu, na uzingoje miezi 6 hadi mwaka mzima. Kuni kavu hupasuka ncha, huwa nyepesi, na ukizigonganisha hulia kwa sauti kali. Muwati na mkaratusi uliokauka vizuri huwaka kwa muda mrefu. Saiprasi na msonobari zina utomvu mwingi, kwa hivyo zatakiwa zikauke sana, na zafaa kwa kuwashia kuliko kukeshea. Nunua kuni kutoka kwenye mashamba ya miti iliyopandwa. Marufuku ya kukata miti iliyotangazwa Februari 2018 ilitukumbusha jinsi misitu yetu ilivyokwisha.

Kamwe usichome mbao zilizopakwa rangi, nguzo zilizotiwa dawa, plaiwudi, plastiki wala katoni za maziwa. Zina sumu ambazo jiko haliwezi kuziondoa.

Gesi, spiriti na umeme

Wako wanaotaka moto bila masizi. Jiko la gesi lenye bomba la kutolea hewa nje ni safi kuliko kuni. Lile lisilo na bomba, pamoja na zile meko za spiriti zinazowekwa mezani, hutumia oksijeni ya chumba na kuacha mabaki ya moto humo humo. Yakikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi vilevile. Hayafai kabisa chumba cha kulala.

Kwa wakazi wa maghorofa ya Kilimani na Westlands yasiyo na dohani, hita ya umeme ndiyo salama zaidi kwa mapafu. Gharama yake ni rahisi kukadiria. Hita ya kilowati 2 ikiwashwa mfululizo saa 4 hula uniti 8. Zidisha kwa bei iliyo kwenye risiti ya tokeni zako, utajua jioni moja itakugharimu kiasi gani. Usiichomeke kwenye waya wa kurefusha ulio mwembamba, wala usianike nguo juu yake.

Mwenye chumba kimoja afanye nini?

Lavington na Kawangware zimetenganishwa na barabara tu. Upande mmoja mtu huchagua kioo cha meko, na upande wa pili familia nzima hulala chumba kimoja na jiko la makaa mlangoni. Jiko letu la kauri, lililoenea tangu mapema miaka ya 1980, limepunguza sana matumizi ya makaa na limesaidia familia nyingi. Lakini kupunguza makaa si kuondoa sumu. Jiko hilo likilala ndani ya chumba kilichofungwa laweza kuua kama lile la bati.

Maliza kupika, kisha ulitoe jiko nje kabla ya kulala, hata kama mvua inanyesha. Usidanganyike kwamba sufuria ya maji juu ya jiko "hula sumu". Haili. Wala kuacha kidirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Joto la usiku litafutwe kwa blanketi, soksi, kofia, na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Ziba nyufa za mlango tu ikiwa hakuna moto wowote ndani.

Nao wenye meko, moshi unaopanda kwenye dohani yao hauishii mbinguni. Jioni za baridi zisizo na upepo hutua kwa jirani. Mnamo Desemba 1952, ukungu uliochanganyika na moshi, mwingi wake ukiwa wa makaa ya mawe kutoka majumbani na viwandani, uliufunika mji wa London kwa siku tano. Waliokufa walikadiriwa kuwa 4,000 mwanzoni, na watafiti wa baadaye wamesema huenda walifikia 12,000. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka wa 1956 ilitokana na msiba huo. Si lazima Nairobi ingoje msiba wake.

Dalili za kuzitambua

Kaboni monoksaidi huanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu wa miguu. Baadaye mtu huchanganyikiwa, husinzia, kisha hupoteza fahamu. Wengi hudhani ni malaria, homa ya mafua au chakula kibaya. Dokezo kubwa ni hili: hakuna homa, wengine waliomo chumbani nao wanaumwa kichwa, na ukitoka nje unapata nafuu. Wajawazito, watoto wachanga, wazee na wenye ugonjwa wa moyo huathirika upesi zaidi.

Ukishuku, fungua milango na madirisha, mtoe mgonjwa nje, toa au zima moto ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kukawia ndani, kisha piga simu 999 au 112. Usimpe maziwa wala mafuta, kwani hayaondoi gesi iliyomo katika damu. Mpeleke hospitalini hata kama amesema amepona. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kutoka katika damu. Akipewa oksijeni kamili kwa barakoa, muda huo hupungua hadi kama saa moja na dakika 20.

Kipo pia king'ora kidogo cha betri kinacholia gesi hiyo inapozidi. Ukienda Luthuli Avenue kutafuta vifaa vya umeme, uliza kile chenye alama ya EN 50291 au UL 2034, na utazame tarehe ya mwisho wa matumizi. Kitundike katika chumba chenye meko na karibu na vyumba vya kulala. Kile cha kutambua moshi ni kitu kingine, hakitambui kaboni monoksaidi.

Ratiba ya mwaka

Januari na Februari, jua likiwa kali, ndiyo miezi ya kumwita fundi asugue dohani na kukagua viungo. Ndiyo pia miezi ya kupasua na kuanika kuni za Julai. Dohani yenye meko inayotumika isuguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Majivu yatolewe kwa koleo na kutiwa kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, iwekwe nje juu ya saruji, mbali na ukuta na mbali na chumba cha mtu yeyote. Kaa lililofunikwa na majivu laweza kukaa hai kwa siku kadhaa.

Kwetu, mwashi aliziba ufa wa chumba cha watoto, akapitisha bomba hadi juu, na fundi wa jua kali akatuundia jiko la bamba la milimita 5 lenye mlango wa kioo. Kuni zilizokuwa zikiisha kwa wiki moja zikaanza kutufikisha wiki ya tatu. Kikohozi cha mtoto kilipungua Julai iliyofuata.

Mzee wa lango tulimnunulia koti zito, blanketi mbili na chupa ya maji moto, na tukaliondoa gunia dirishani. Lile karai alilitoboa matundu chini akapandia sukuma wiki.